Wanaoujua mtaa wako kupitia dirisha la gari

Mkuu, umeuliza kwa nini wenzako kazini walishtuka uliposema umehamia ng'ambo ya reli. Waulize walifika huko lini mara ya mwisho. Wengi wanaujua mtaa huo kupitia dirisha la gari tu, vioo vimepandishwa. Kwao mtu akiibiwa ni bahati mbaya. Kwenu akiibiwa, eti ndiyo tabia ya mtaa! Mambo ya kale haya: kwenye ramani za umaskini wa London alizotoa mtafiti Charles Booth kuanzia 1889, mitaa ya matajiri ilipakwa njano, ya tabaka la chini kabisa nyeusi, wakati mwingine ikipakana mgongo kwa mgongo. Nasi wa ng'ambo tunawaita wao wenye maringo bila kuwahi kubisha hodi. Mwalike mmoja Jumamosi, ila aje kwa miguu.