Mama, mgomba wako uache ulale

Bwiru, Mwanza
Oktoba

Marahaba mama, binti yangu.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, na picha nimezikuza mpaka nikaona doa la kila jani. Umeniuliza hivi: usiku wa huko Leeds, Uingereza, sasa unashuka hadi nyuzi 7, mgomba wako umeacha kutoa jani jipya, majani ya chini yanageuka manjano, na jirani yako amekwambia uutupe tu, ununue mwingine joto likirudi. Unataka kujua kama kuna namna ya kuuokoa, na ufanye nini na mpapai, magimbi, tangawizi, mchaichai na ule mlimao wa kwenye ndoo.

Usiutupe. Namna ipo, ila kuna jambo naliona kwenye picha umeshaanza kulifanya na itabidi uliache. Unaulisha na kuunywesha kwa sababu unauonea huruma. Udongo wa kwenye chungu umelowa chepechepe, na pembeni naona punje za mbolea. Mmea wa nchi ya joto ukipigwa na baridi unataka kulala, na ukiulazimisha kukaa macho ndipo unapooza.

Hili nililijifunza Njombe kwa hasara, kabla hujazaliwa, nilipopelekwa kule kama bwana shamba. Nilibeba machipukizi ya migomba kutoka nyumbani kwa bibi yako, nikayapanda kwenye kinyungu, kule bondeni karibu na kijito, kwa sababu udongo ulikuwa mweusi na mzuri ajabu. Yalistawi mpaka Mei. Mwezi wa Juni ukaja usiku mmoja usio na wingu wala upepo, nyota zimejaa mbingu nzima, na alfajiri bonde lote lilikuwa jeupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku wa baridi. Kufika adhuhuri majani yangu yalikuwa meusi, yamelegea kama nguo iliyolowa. Nikakimbilia maji na mbolea ya chumvichumvi. Wiki tatu baadaye nilivuta shina kwa mkono mmoja, likatoka lote, na tunguu, ile sehemu nene iliyo chini ya udongo, limeoza na linanuka.

Mama mmoja mzee aliyekuwa jirani yangu, mwenye mgomba mlimani nyuma ya jiko lake, alipoteza majani ya nje tu. Ndiye aliyeniambia kwamba baridi hutembea kama maji, hutiririka ikajaa bondeni. Chuoni nilikuwa nimeyasoma haya, lakini ni yeye aliyenifanya niyaone. Usiku wa anga tupu ardhi hupoteza joto lake kwenda juu, na wingu likiwepo hulizuia kama blanketi. Hewa iliyogusa ardhi hiyo hupoa, huwa nzito, na hutelemka mpaka mahali pa chini kabisa. Kwa hiyo kwenye ua wako angalia pa chini ni wapi, na usiache chungu hapo. Na usiku wa kuogopa ni ule mtulivu wenye nyota. Mvua na mawingu ya huko, hata kama yanakuchosha moyo, mara nyingi ndiyo yanayoilinda mimea yako usiku.

Sasa, utajiuliza mbona mgomba unaumwa wakati nyuzi 7 bado ziko mbali na barafu. Unakumbuka ulivyoficha ndizi kwenye friji ili kaka yako asizione? Kesho yake ganda lilikuwa jeusi, ukalia ukidhani zimeoza. Hazikuwa zimeganda. Ndizi huanza kuumia chini ya nyuzi 13 hivi, na ndiyo maana meli zinazozipeleka Ulaya huzihifadhi kwenye nyuzi 13 au 14. Mmea wenyewe karibu na hapo nao husimama, mizizi ikawa hainywi kitu. Maji unayomwaga yanakaa tu, udongo unakosa hewa, na ukungu wa kuozesha unapata karamu. Sakitu ni hatua nyingine kabisa: maji ya ndani ya mmea huganda, chembe hai zikapasuka, na jani likipata joto huwa kama mchicha uliochemshwa.

Sisi hapa ziwa ndilo linalotubeba. Julai, usiku wa baridi kwetu, kipimajoto changu hushuka mpaka karibu nyuzi 16, nasi tunavaa masweta tukilalamika. Ziwa lenyewe linabaki na maji ya nyuzi 24 au zaidi, na usiku kucha linaachia joto taratibu. Maji kwa uzito uleule hubeba joto mara nne hadi tano kuliko mchanga mkavu. Na haya mawe yetu ya Bwiru uliyokuwa ukiyapanda na kuteleza, nayo yanakunywa jua mchana na kulitoa usiku. Mpapai wangu ulio ubavuni mwa lile jiwe kubwa nyuma ya tangi hauchelewi kuivisha hata Julai, na ule wa karibu na geti hunisubirisha. Nimekueleza haya kwa sababu huko itakubidi ujitengenezee ziwa na jiwe lako mwenyewe.

Jiwe unalo: ule ukuta wa matofali mekundu wa nyumba. Chagua upande unaotazama kusini, maana huko jua lote la baridi linapita kusini, na linapita chini chini. Vyungu vinavyobaki nje viegemee hapo, juu ya mbao au matofali, visikae kwenye sakafu ya saruji. Ziwa ni madumu ya maji. Una kibanda cha vifaa nyuma, umenionyesha. Jaza madumu matano au sita ya lita 20, yapange kuizunguka mimea, yapate jua la mchana kupitia kile kidirisha. Hayatageuza Leeds kuwa Mwanza, lakini usiku mmoja wa sakitu yatakupunguzia makali, na mara nyingi mmea huponzwa na usiku mmoja tu.

Turudi kwa mgomba. Nahitaji kujua jina lililo kwenye kibandiko cha dukani, kwa sababu wanaouza huko huita vitu vitatu tofauti kwa jina moja.

Kama ni Musa basjoo, una bahati. Huo asili yake ni China ya kusini, umekuzwa sana Japani, ndizi zake haziliwi, lakini tunguu lake linavumilia baridi ya chini ya sifuri likiwa ardhini na limefunikwa. Unajua kwamba kile tunachokiita shina la mgomba ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina la kweli ni tunguu lililo chini, na uhai wote uko humo. Majani yakifa, yakate. Ungekuwa umeupanda ardhini ningekwambia uzungushie wavu, ujaze nyasi kavu hadi juu, ufunike kichwa mvua isiingie, basi, mpaka majira ya kuchipua. Wako uko kwenye chungu, na chungu kinazungukwa na baridi pande zote, kwa hiyo mizizi huganda mapema kuliko ingekuwa shambani. Kifunge kwa magunia au mablanketi ya zamani, ukiingize kibandani kati ya yale madumu. Maji kikombe kimoja kwa mwezi, udongo usije ukawa vumbi tu.

Kama ni Musa acuminata, hasa wale wafupi wa jamii ya Cavendish, huyo ni ndugu wa ndizi tunazokula, hana ujanja wa barafu. Mwingize ndani, kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote.

Na kama ni Ensete ventricosum, mara nyingi wenye majani yenye wekundu wa damu ya mzee, huyo ni wa kwetu kabisa. Ndiye mgomba mwitu wa kwenye makorongo ya nyanda za juu kusini, na ndiye Waethiopia wanaomla tunguu na shina. Watu huko wanadhani ni mgomba wa kawaida, wanaukata wakingoja uchipue. Kwa kawaida hautoi machipukizi pembeni. Una roho moja tu, kichwa chake kikioza umekwisha. Huo ukiwa na nafasi uingize ndani. Ukikosa nafasi, ung'oe, kata majani ubakize lile changa la katikati, usimamishe kichwa chini siku kadhaa maji yaliyo kwenye maganda ya majani yatoke, kisha uuhifadhi mahali pakavu pasipofikiwa na barafu.

Chochote utakachoingiza ndani, kiingize kabla hamjawasha ile redieta ya kupasha nyumba joto, ili tofauti ya joto isiwe kubwa ghafla. Kwanza geuza kila jani, tazama vidukari, inzi weupe na utitiri, ulioshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Mdudu mmoja aliyekuwa akiliwa na ndege huko nje, ndani hana wa kumla. Hewa ya redieta ni kavu, na utitiri hupenda ukavu, kwa hiyo kila wiki ufute majani kwa kitambaa chenye maji. Na kubali kwamba mwanga hautatosha. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Desemba huko utapata mchana wa saa saba na nusu hivi. Mmea wenye joto la sebuleni na mwanga wa kiza hurefuka ukawa mwembamba na mweupe, dhaifu. Afadhali chumba kilichopoa kidogo chenye mwanga kuliko sebule yenye moto na giza. Mlimao hasa ndivyo unavyotaka: veranda yenye kioo, nyuzi 5 hadi 10, maji machache. Usiuweke karibu na redieta, utakupukutishia majani yote.

Magimbi ndiyo yasikusumbue. Yaache mpaka baridi inyaushe majani, kata, fukua, yakauke kidogo kivulini, pakaa majivu mahali palipokatika, halafu yafukie kwenye kasha la mchanga au randa za mbao zenye unyevu mdogo sana, mahali pa nyuzi 10 hivi. Bibi yako alitunza michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mwaka mzima na hakuwa na friji, nawe kasha la magimbi halitakushinda. Tangawizi ni vivyo hivyo, majani yakishageuka manjano acha maji kabisa. Mchaichai ukate ubaki urefu wa kiganja, weka dirishani jikoni, majani yaliyokatwa unywee chai.

Mpapai, mama, nitakwambia ukweli. Umeuotesha mwenyewe kwa mbegu za papai la dukani na najua ulivyoupenda, lakini mizizi ya mpapai kwenye udongo baridi wenye maji huoza kuliko mmea wowote ninaoujua. Uweke ndani chumba chenye joto, mwagilia pale tu chungu kikiwa chepesi ukikiinua, na usikate tamaa ukifa Januari. Otesha mingine Machi, ndani ya nyumba. Safari hii mbegu zipikiche kwenye mchanga mpaka ule utando wa utelezi utoke, uzioshe na kuzianika kivulini, kwa sababu utando huo huzuia mbegu kuota. Ndiyo maana mbegu 30 zilikupa miche minne.

Usiku ambao utabiri utasema sakitu na bado una kitu nje, kifunike jioni jua likiwa halijazama, ili ufungie joto ndani. Tumia kile kitambaa chepesi cheupe wanachouza maduka ya bustani, au shuka kuukuu, iliyosimamishwa kwa fito. Usilaze nailoni juu ya majani, kwa sababu pale inapogusa ndipo panapoganda. Asubuhi funua, mmea upumue.

Hapa vuli imeanza. Huko nyinyi mnaita vuli majani yakipukutika, kwetu ni mvua, na jana jioni ngurumo zilikuwa upande wa Ukerewe mpaka usiku. Mama yako amepanda mchicha, na anauliza kama wewe mwenyewe una koti la maana, maana kwenye picha ya mwisho uko na kile kisweta cha kijani.

Nunua kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini cha usiku, ukiweke kibandani, usome kila asubuhi uniambie. Na nitumie picha ya kibandiko cha mgomba leo jioni ukitoka kazini. Kama imeandikwa Ensete, usingoje jibu langu, uingize ndani usiku huohuo.

Baba yako