Unataka kampuni idhamini bonanza lako la gemu? Soma hii kwanza

Madogo wananifata sana inbox, "bro nipe koneksheni ya kampuni itudhamini". Naandaa mabonanza ya FC (gemu la mpira la EA) na PUBG Mobile (la kupigana risasi kwenye simu) huku Sinza muda sasa na jibu langu ni lile lile, kampuni hainunui magoli yako. Hata kama unawachapa wote banda zima, meneja masoko hakujui na wala hana shida ya kukujua, anachouliza ni watu wangapi watakuja, wana umri gani, na nembo yake wataiona wapi. Basi.

Cheki Korea Kusini. Uchumi wao uliyumba 1997, serikali ikakomaa na intaneti ya kasi, mabanda ya kompyuta yakazagaa kila kona, gemu la vita la StarCraft likatoka 1998 vijana wakawa wanakesha humo, TV zikaanza kurusha mechi, na kampuni za simu kina SK Telecom na KT wakawa na timu zao kabisa. Watu walijaa kwanza. Hata hapa kwetu, Azam walivyosaini bilioni 225.6 na TFF mwaka 2021 kwa miaka 10, walikuwa wanalipia macho ya watu wa Simba na Yanga jamani, sio ubora wa pasi.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua, rekodi. Piga video banda likiwa limejaa, hesabu vichwa, andika nani alitazama laivu na kwa muda gani. Halafu usianze kuomba hela, omba vitu: bando, maji, jezi, pedi mpya za kuchezea gemu, genereta ya siku moja (umeme ukikata nusu fainali utaijua Dar). Vitu meneja wa tawi anaweza kuamua mwenyewe, hela inapanda mpaka makao makuu na huko barua yako inalala.

Ikitokea wamekubali kutoa hela, hapo ndo kazi inaanza na watu hawasemagi hii. Watataka usajili wa biashara wa BRELA, TIN (namba ya mlipakodi), profoma (makadirio ya bei), wakupe LPO (oda yao ya maandishi), ufanye kazi, upeleke risiti ya EFD (mashine ya TRA), wakate kodi ya zuio asilimia 5, ndo usubiri. Na utasubiri kweli, kuna kampuni moja ilinilipa bonanza limeshasahaulika na washindi walikuwa wananiita tapeli kwenye grupu la WhatsApp kila asubuhi. Siku hizi zawadi ya mshindi lazima iwepo mkononi kabla ya mechi ya kwanza, hela ya mdhamini ikija inarudisha yangu. Ukiwa huna, punguza zawadi, hakuna atakayekufa.

Na usiegemee mmoja. TSM, timu ya gemu ya Marekani, ilisaini na FTX, kampuni ya sarafu za kidijitali, mwaka 2021 dola milioni 210 kwa miaka 10, mpaka jina la timu likabadilishwa, Novemba 2022 FTX ikafilisika na dili likafa. Wale wana mawakili, wewe una rafiki yako anayejua kutengeneza poster kwenye Canva.

Kingine, mpira hauna mwenyewe ila gemu lina mwenyewe. EA wenye FC na Konami wenye eFootball wana masharti yao kuhusu mashindano yenye wadhamini, yasome kabla hujabandika nembo ya mtu.

Mwisho hawa wa kubeti. Watakutafuta wenyewe, wana hela na hawana mlolongo, SportPesa si waliwahi kuwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja 2017, kwa hiyo utaona mbona poa tu. Ila mpira wa Taifa na banda la Sinza ni vitu viwili, kwangu madogo wengi wanakuja na sare za shule na kubeti kisheria ni kuanzia miaka 18. Mimi huwa nakataa, hata ofa ikiwa nono. Wazazi wengine tayari wanaamini gemu ni kamari, sasa mama mmoja akute bango la mkeka juu ya kichwa cha mwanae, kesho yake mjumbe yuko mlangoni kwako na kufuli.