Uliza Bibi Shamba: "Palizi nafanya mimi, hela inaingia akaunti ya baba"

Wasomaji wangu, mwezi huu meseji na barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinaongelea wanawake na shamba, kwa hiyo nimeona tuweke pembeni wadudu na mbolea tulimalize hili kwanza. Nimekuwa bibi shamba miaka mingi, vijiji nimevizunguka kwa pikipiki na kwa miguu, na jambo hili linaniuma kuliko viwavi jeshi. Majina siandiki, utaratibu wetu mnaujua.

Shikamoo Bibi Shamba. Naandika ripoti ya field na kila ninaposoma nakuta wanawake wanafanya asilimia 80 ya kazi za kilimo Afrika, wengine wanasema 70. Nishike ipi? – Mwanachuo, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usishike yoyote kati ya hizo, zimerudiwa sana mpaka watu wameacha kuuliza zilitoka wapi. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliotumia takwimu za kaya za nchi sita za Afrika, wakahesabu muda ambao kila mtu anatumia shambani, sehemu ya wanawake ikawa wastani wa kama asilimia 40 tu, lakini nchi zinatofautiana sana: Niger 24, Uganda 56, sisi Tanzania 52. Yaani kwetu ni zaidi kidogo ya nusu. Na hapo wamehesabu shamba peke yake, kuchota maji hakumo, kuni hazimo, kupika hakumo, mtoto aliyebebwa mgongoni wakati mama anapalilia hayumo.

Ila kwenye ripoti yako usiishie kuuliza nani anashika jembe. Uliza nani anaamua kipandwe nini, nani anapeleka mzigo kwenye mizani, na jina la nani limeandikwa kwenye daftari. Mwanamke wa kijijini kushiriki anashiriki, hilo halina ubishi, anachokosa ni jina lake kuandikwa. Barua inayofuata itakuonyesha vizuri kuliko jedwali lolote.

Bibi Shamba, mimi na mume wangu tunalima ufuta ekari nne. Kupanda nipo, kupunguza miche nipo, palizi zote mbili nafanya mimi na wanangu, kukata, kusimamisha matita, kukung'uta kwenye turubai, mpaka kupeta. Tukishapeleka AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, hela inaingia kwenye akaunti yake, mimi naambiwa tu imeingia. Msimu uliopita alinunua pikipiki bila kuniambia na ada ya mtoto nikahangaika nayo mwenyewe. Nikiuliza anasema mwanachama ni yeye. Nifanye nini, maana kugombana sitaki. – Mama wa watoto watatu, Nachingwea

Pole sana mama, na nashukuru kwa kuniandikia, maana najua wako wengi wanaopitia hayo hayo na wamenyamaza.

Nianze na hilo la uanachama, maana hapo ndo pamefungwa. Uanachama wa AMCOS ni wa mtu, sio wa nyumba. Hakuna sheria inayosema kaya moja mwanachama mmoja, wengi wamezoea hivyo tu, na viongozi wa vyama nao wamezoea wakiona mwanamke anakuja wanamuuliza mzee yuko wapi. Wewe ukiwa mkulima, una miaka 18 na kuendelea, ukatimiza masharti ya chama, yaani kiingilio na hisa, unaingia kama yeye alivyoingia. Nenda kaulizie kiasi gani, na ulizia kama hisa unaweza kulipa kidogo kidogo, vyama vingi wanakubali.

Alafu kuna vitu vitatu uviandae kabla ya msimu, usisubiri mwezi wa tano watu wameshaanza kuvuna ndo uhangaike. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe (sio ya mume, sio ya kaka), na akaunti ya benki. Ukishakuwa navyo nenda ofisi ya kijiji uandikwe kwenye daftari la wakulima. Hilo daftari watu wanalidharau lakini mbolea na pembejeo za ruzuku zinapitia humo humo, jina lisipokuwepo pembejeo hazikujui. Nimeshaona mama anayelima ekari tatu peke yake, mume yuko mjini mwaka wa nne huu, na aliyesajiliwa ni yule wa mjini, kwa hiyo meseji ya mbolea inaingia kwenye simu iliyoko Dar es Salaam.

Sasa mume. Umesema kugombana hutaki na mimi nakuunga mkono, kwa hiyo usianze na pikipiki, hiyo imeshanunuliwa. Anza na ekari. Mwambie kabla ya kupanda, sio baada ya mnada, kwamba katika hizi nne ekari moja ufuta wake uende ghala la AMCOS kwa jina langu, na ile ndo ya ada na madaftari ya watoto. Wanaume wengi nilioongea nao hili hawalikatai likiletwa mapema na likiwa na kazi maalum, wanachokataa ni kuulizwa hela ikiwa mkononi tayari. Na sheria iko upande wako pia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali yake sawa na mwanaume, sio lazima uitaje mezani lakini ujue ipo.

Kitu kimoja nakuomba kwa moyo wote, usije ukaanza kuchota ufuta usiku na kuuza kwa kangomba, yule mlanguzi anayenunua kwa magendo, ili upate hela ya sabuni. Najua inafanyika, na najua kwa nini inafanyika, mtu akikosa mlango anapita dirishani. Lakini kangomba anakupimia kwa bakuli lake na kwa bei yake, wakati ule mzigo uliofika ghalani umepimwa kwa kilo na wanunuzi wanashindana kwenye mnada. Ndani ya nyumba moja mume anauza kwa bei ya mnada na mke anauza kwa bakuli, na jasho ni lile lile.

Niongeze hili maana wewe uko kusini na wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao ukoo ulikuwa unahesabiwa kwa mama, na mashamba mengi yalipita upande wa mama. Bibi zenu walikuwa na ardhi. Kilichobadilisha mambo kwa kiasi kikubwa ni mikorosho, kwa sababu mti ni wa aliyeupanda na waliopanda wengi walikuwa wanaume, na mti unakaa miaka mingi, kwa hiyo taratibu ardhi ikafuata mti. Kwa hiyo ukiambiwa mwanamke kuwa na shamba lake ni mambo ya semina za mjini, waulize bibi zako.

Bibi Shamba salaam. Mke wangu siku hizi kila wiki yuko kwenye VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na mabwana shamba wakija anataka kwenda kwenye semina. Karanga zinasubiri palizi. Wenzangu wananicheka wanasema mke kanizidi. Kwani semina si anatosha kwenda mmoja, mimi nikamwambia? – Baba Nyumba, Kongwa

Salaam baba, na asante kwa kusema wazi, wengine wanaficha.

Nikuulize, karanga zako zikishang'olewa nani anazianika? Nani anazipukuchua? Ukishanijibu hapo utaona mwenyewe nani anatakiwa kwenda semina. Mwaka 2016 mikoa yenu, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye chakula, na sumukuvu inaingia sana pale pale kwenye kuanika na kupukuchua. Kuna mazoea ya kulowesha karanga kwa maji ili maganda yalainike, na nawaelewa wanaofanya hivyo kwa sababu kupukuchua gunia zima kwa vidole ni mateso, vidole vinachubuka mpaka vinatoa damu. Lakini ule unyevu ndo ukungu unaoupenda. Sasa wewe ukienda semina ukaambiwa msiloweshe, anikeni kwenye turubai sio kwenye udongo, alafu ukarudi ukamwambia kwa maneno mawili wakati anasonga ugali, unadhani yamefika? Kitaalamu tumefundisha mikono isiyofanya kazi hiyo, na kosa hilo ni letu sisi maafisa ugani kabla halijawa lako.

Nakiri hapa, mimi mwenyewe nilikuwa naitisha mikutano saa nne asubuhi chini ya mti, wanaume wamekaa kwenye benchi mbele, wanawake nyuma chini kwenye kanga, ikifika saa tano na nusu wanaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kupika. Niliandika kwenye taarifa zangu kwamba wanawake mwamko wao ni mdogo. Miaka mingapi niliandika hivyo! Mpaka mama mmoja akaniambia, mwanangu, ukija saa tisa tutakaa mpaka jua lizame. Nikahamisha saa, wakajaa. Naikumbuka ile taarifa ya mwamko mdogo na roho inaniuma mpaka leo.

Kuhusu palizi kusubiri. Hesabu siku moja tu ya mke wako kuanzia anapoamka, maji safari ngapi, kuni, kusaga, kupika mara mbili, alafu shamba. Mkifuata maji kwa baiskeli wewe au vijana, mkeo anapata saa mbili au zaidi, na karanga zinapaliliwa. Na VICOBA usiione kama kijiwe. Ile hela ya hisa mara nyingi ndo inayonunua mbegu mwezi wa kumi na moja wakati wewe umeshauza kila kitu. Muulize, sio kwa kumchunguza, muulize tu mwaka jana mbegu ya karanga aina ya Pendo mlinunua na hela gani.

Wanaokucheka, ndugu yangu, waache wacheke. Ukivuna magunia safi ukapata hela ya mashine ndogo ya kupukuchulia, watakuja kuiazima.

Shikamoo. Baba alifariki mwaka jana bila wosia. Kibanja tulichokulia, migomba na kahawa, baba wadogo wanasema ni cha ukoo, mtoto wa kike anakula tu ndizi, akiolewa anaondoka. Mama amezeeka, ninayekihudumia miaka yote ni mimi. Je, nina haki? – Binti, Muleba

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba.

Wewe unaishi wilaya yenye historia kwenye jambo hili na sijui kama umewahi kusimuliwa. Huko huko Muleba mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akamshtaki kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inabagua na inapingana na Katiba, mwanamke anauza kwa masharti yale yale kama mwanaume. Alafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Sasa nisikudanganye, njia sio nyeupe. Yule mama alikuwa na wosia, wewe huna. Na kuna maandishi ya sheria za mila ya mwaka 1963 ambayo kwenye urithi yanamweka binti nyuma ya watoto wa kiume, na mjane ndo kabisa. Wajane wawili wa Shinyanga walilifikisha mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ikaiambia Tanzania irekebishe sheria hizo. Kwa hiyo usiende kichwakichwa, tafuta msaidizi wa kisheria wilayani kwako au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, msaada wao haulipiwi kwa asiye na uwezo.

Cha kwanza fungueni mirathi, Mahakama ya Mwanzo, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Wewe na mama mwende kwenye kikao hicho, msikubali kifanyike mkiwa jikoni, na hakikisheni majina yenu yameandikwa kama warithi kabla ya mtu kusaini. Mgogoro wa mipaka au wa kufukuzwa ukitokea, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, na kisheria watatu wawe wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha. Usisaini karatasi yoyote hujaisoma.

Na ule msemo wa kula ndizi tu ndo ule ule wa zamani, kibanja cha mwanaume, mwanamke aende rweya, kule kwenye nyasi nje ya vibanja, akalime njugu mawe kwenye omusiri wake, kishamba cha muda, na mwakani ahamie pengine. Aliyeweka samadi na matandazo kwenye migomba ile miaka yote ni wewe. Andika ulichofanya, mwaka kwa mwaka, na majirani walioona uwaombe wawe mashahidi.

Bibi Shamba tuko kikundi cha kina mama, tunataka mkopo wa kulima alizeti lakini benki wanataka hati ya shamba na sisi mashamba ni ya waume zetu. – Kikundi, Singida

Jamani, kwa hilo msianze na benki. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, kwa ajili ya mikopo, na mkopo huo hauna riba na hauhitaji hati. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba yenu, akaunti ya kikundi, na muhtasari wa vikao. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ombeni kiasi mnachoweza kurudisha kwa mavuno ya msimu mmoja mbaya, sio mzuri.

Na kijiji chenu kikianza kupimwa, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Siku wapimaji wanapita muwe nyumbani, na mkae karibu na yule anayeandika.