Shingo imepinda ghafla? Uliza kwanza dawa alizotumia

Mgonjwa wa malaria aliyekuwa akitapika amepewa Plasil kliniki ya mtaani. Jioni shingo inapinda, macho yanakwama juu, ulimi unatoka nje. Majirani wanasema mapepo, wengine kifafa. Nyinyi ulizeni ametumia dawa gani wiki hii.

Plasil (yaani metoklopramaidi), haloperidoli na klopromazini huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kuratibu misuli. Watoto na vijana ndio hukazwa zaidi, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Tatizo ni ile bahasha ndogo ya kaki ya duka la dawa: imeandikwa "1x3", jina la dawa hakuna. Nenda nayo kituoni pamoja na vidonge vilivyobaki.

Aliyekazwa na dawa ana fahamu zake, anakusikia. Degedege la mwili mzima humpotezea mtu fahamu. Pepopunda hufunga taya, na kelele au mguso tu humkaza upya.

Tiba ni rahisi. Mhudumu wa afya asimamishe dawa iliyoleta shida, amchome mtu mzima promethazini 25–50 mg kwenye msuli, au ampe benzheksoli 2 mg ikiwa anaweza kumeza. Kinachoharibika ni hapa: shingo ikilegea, anarudishwa nyumbani mikono mitupu, kumbe dawa ya kwanza bado imo mwilini. Usiku anakazwa tena. Aondoke na benzheksoli ya siku mbili au tatu. Akianza kukoroma akivuta pumzi, koo linakaza. Hapo msingoje asubuhi.

Aliyetumia dawa za akili kwa miezi au miaka akaanza kutafuna bila chakula na kuchezesha ulimi, hilo ni jambo jingine kabisa. Benzheksoli huweza kulizidisha. Asiache dawa ghafla. Arudi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili Uganda, au hospitali ya rufaa ya mkoa dozi ipangwe upya.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anayeangusha vikombe, mwandiko umeharibika, mikono inarukaruka ila hutulia akilala, msimchape kwa utundu. Mwambie akubane vidole viwili: mbano wake hukaza na kulegea kama anayekamua ng'ombe. Mara nyingi chanzo ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya miezi iliyopita, na moyo huenda umeguswa. Apimwe moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Taasisi ya Moyo pale hospitali ya Mulago, Kampala, wanafanya. Mtetemo wenyewe huisha baada ya wiki au miezi, lakini penisilini ya sindano kila wiki 3 hadi 4 huendelea kwa miaka. Wazazi wengi huiacha mara tu mikono inapotulia, na homa ya baridi yabisi ikirudi, valvu za moyo ndizo huumia.

Kwa wazee, angalia mkono ukiwa umepumzika mapajani. Ukitetemeka hapo, fikiria Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaopunguza dopamini; ukitetemeka akiinua kikombe cha chai, huenda propranololi ikamsaidia, isipokuwa ana pumu. Levodopa ya Parkinson imezwe nusu saa kabla ya chakula, maana nyama na maharage hupunguza kufyonzwa kwake.