Kona ya Lugha: "More Taller" Ina Kosa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha pili aliandika katika insha yake, "My brother is more taller than me", na mwalimu akalikata neno "more" kwa kalamu nyekundu bila kueleza sababu. Mbona sisi husema "kaka yangu ni mrefu zaidi kuliko mimi", na hatukosolewi? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Mwalimu hakukosea, ingawa ingefaa aeleze, kwa kuwa kosa hilo si la uzembe, limetoka katika Kiswahili ambacho mtoto hufikiria kwacho anapoandika. Kivumishi chetu "-refu" hupokea kiambishi cha ngeli tu, na kazi ya kulinganisha huachiwa maneno yanayokifuata, yaani "zaidi" na "kuliko", ambayo hata yakiandamana hakuna anayeshtuka. Kiingereza, kwa maneno mafupi kama "tall", huuingiza ulinganisho ndani ya kivumishi chenyewe. Ile "er" ya "taller" ndiyo "zaidi" yetu, hivyo anayeandika "more taller" amesema "mrefu zaidi zaidi". "More better" ina kasoro hiyo hiyo, kwani "better" peke yake ni "bora zaidi".

Mfundishe mwanao kuhesabu silabi kabla ya kuandika. Neno la silabi moja huchukua "er", kama "cheap" linavyokuwa "cheaper". La silabi mbili linaloishia kwa "y" hufanya vivyo hivyo, "happy" likawa "happier". Na la silabi tatu au zaidi, kama "expensive", hutanguliwa na "more" bila kubadilika umbo. Yapo ya silabi mbili, kama "clever" na "quiet", yanayokubali njia yoyote kati ya hizo, lakini kamwe si zote mbili kwa pamoja. "Good" na "bad" hayafuati kanuni, na hayana budi kukaririwa: "better" na "worse". Akitaka kukazia kwamba kaka yake amemzidi kwa mbali, neno analolihitaji ni "much": "My brother is much taller than me."

Ni vyema pia ajue kwamba zamani za Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita, "more" na "er" ziliweza kuandikwa pamoja, na yeye mwenyewe aliziandika hivyo. Kanuni inayombana leo ni ya Kiingereza sanifu cha sasa, na ndicho atakachopimwa nacho katika mtihani.

SWALI: Katika barua ya kuomba kazi niliandika "I am senior than him", rafiki yangu akasema nimekosea. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli. "Senior", "junior", "superior" na "inferior" yalitoka katika Kilatini yakiwa tayari yamebeba maana ya kulinganisha, na katika Kiingereza hufuatwa na "to": "I am senior to him." Kitenzi "prefer" nacho hutaka "to", kwa hiyo anayependa chai kuliko kahawa aandike "I prefer tea to coffee".

SWALI: Sentensi "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa" ina kosa? – Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Umbo la maneno ni sahihi, kosa ni la mantiki. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, nao uko Afrika, kwa hiyo sentensi yako inaudai uwe mrefu kuliko wenyewe. Ongeza neno moja: "higher than any other mountain in Africa". Ukiulinganisha na milima ya Ulaya, "other" haihitajiki, maana huko Kilimanjaro haupo.

Na kwa kuwa umegusa mantiki, angalia pia sentensi hii ninayokutana nayo mara kwa mara katika insha: "The climate of Nairobi is cooler than Mombasa." Mwandishi amelinganisha hali ya hewa na mji. Hapa Kiswahili, kilichomponza yule wa kidato cha pili, kinakuwa msaada mkubwa, kwa sababu sisi husema "hali ya hewa ya Nairobi ni ya baridi kuliko ya Mombasa", na ile "ya" iliyo mbele ya Mombasa ndiyo inayodai Kiingereza kiandike "than that of Mombasa".