Chang’ombe inaposomeka “Chang’ombe”: usimbaji wa chaguo-msingi katika kusoma na kuandika mafaili

SWALI: Ndugu mtaalamu, natumaini kazi zinaendelea vyema. Ninahudumia chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Dar es Salaam, na nimekiandikia programu ya Python inayosoma orodha ya wanachama kutoka faili la CSV. Kwenye seva ya Linux mambo ni shwari, lakini kwenye kompyuta yangu ya Windows mtaa wa Chang’ombe unatokea na â, € na ™ mahali pa ritifaa (apostrofi), kama “Chang’ombe”. Faili jingine limegoma kabisa kufunguka, na ujumbe wa kosa unataja charmap na baiti 0x9d. Je, kuna namna ya kuifanya UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, iwe chaguo-msingi (default) mara moja kwa mafaili yote, badala ya kuitaja katika kila mstari wenye open? Mwenzangu anayeandika kwa Java naye anauliza hivyo hivyo. (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu msomaji, namna hiyo ipo na nitaieleza, ila ningekushauri uichukulie kuwa kinga ya pili. Kinga ya kwanza ni kuutaja usimbaji (encoding, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti) kila mahali faili linapofunguliwa, kwa kuwa usimbaji ni sifa ya faili lenyewe, si ya kompyuta inayolisoma. Orodha yako haibadiliki hata baiti moja inapotoka kwenye seva kuja kwenye kompyuta yako. Kinachobadilika ni jinsi Python inavyozitafsiri baiti hizo.

Unapoandika open("wanachama.csv") bila kutaja usimbaji, Python unayoitumia huuangalia mfumo endeshi na kufuata lugha na eneo vilivyowekwa humo. Kwenye seva nyingi za Linux jibu huwa UTF-8. Kwenye Windows iliyowekwa kwa Kiingereza jibu huwa Windows-1252, ambayo Python huiita cp1252. Programu ni ile ile, faili ni lile lile, na matokeo ni mawili.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuchelewa kuligundua kosa hili. Herufi zote za Kiswahili zimo ndani ya ASCII, mpangilio wa mwaka 1963 wenye nafasi 128 tu, na herufi hizo huandikwa kwa baiti zile zile katika UTF-8 na katika Windows-1252. Hata ritifaa iliyonyooka, ile iliyo kwenye kibodi ya kompyuta, imo humo katika nafasi ya 39. Kwa hiyo programu yako ingeweza kusoma Kariakoo, Mbagala na Kigamboni miaka nenda miaka rudi bila kuonyesha dalili yoyote, mpaka siku karani aliponakili jina kutoka Word, ambayo huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile ya kupinda, yenye namba U+2019 katika Unikodi, orodha ya kimataifa ya herufi. Baadhi ya simu nazo hufanya hivyo mtu anapojaza fomu. Ritifaa hiyo ya kupinda haimo ndani ya ASCII. Katika UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu, E2 80 99 (baiti hapa nazitaja kwa heksadesimali), na msomaji wa Windows-1252, ambaye kwake kila baiti ni herufi kamili, huziona kuwa â, € na ™.

Faili lililogoma lina chanzo hicho hicho. Bila shaka ndani yake kuna alama ya kupinda ya kufunga semi, ambayo katika UTF-8 ni E2 80 9D. Windows-1252 ina nafasi tano zisizo na herufi yoyote, yaani 81, 8D, 8F, 90 na 9D, na Python ikikutana na mojawapo husimama na kutoa kosa. Alama ya kufungua semi, E2 80 9C, ingepita kimyakimya na kuacha takataka ya herufi. Kwa maoni yangu, faili lililogoma limekufaa kuliko lililokubali, kwa sababu limekulazimisha uulize.

Hatari kubwa zaidi iko katika kuandika. Programu ikisoma kwa cp1252 na kuandika kwa cp1252, baiti hurudi zilivyokuwa, na uharibifu hubaki kwenye skrini tu. Lakini ikisoma kwa cp1252 kisha ikaandika kwa UTF-8, zile herufi tatu za takataka huhifadhiwa kama herufi halali, na ritifaa iliyokuwa na baiti tatu sasa ina baiti nane. Faili la namna hiyo huonekana limeharibika kwenye kila kompyuta, hata ile yenye mipangilio sahihi. Ikiwa limeharibika mara moja tu na hakuna kilichopotea, maandishi yanaweza kurudishwa kwa maandishi.encode("cp1252").decode("utf-8"), lakini jaribu kwanza juu ya nakala. Upande wa pili, ukiiandika ritifaa ya kupinda kwa cp1252 inakuwa baiti moja, 92, ambayo seva yako ikiisoma kwa UTF-8 itaikataa.

Sasa turudi kwenye ombi lako. Tangu toleo la 3.7, Python ina hali ya UTF-8, ambayo huwashwa kwa kuanzisha programu kwa python -X utf8, au kwa kuweka katika mazingira ya mfumo kigeu PYTHONUTF8 chenye thamani 1. Kwenye Windows amri setx PYTHONUTF8 1 inatosha, kisha ufungue terminali mpya. Hali hiyo lazima iwepo kabla Python haijaanza, hivyo huwezi kuiwasha kutoka ndani ya programu yenyewe. Pia huigusa kila programu ya Python inayoanzishwa katika mazingira hayo, pamoja na ile ya zamani inayosoma mafaili ya Windows-1252 ambayo pengine umekwisha kuisahau. Sababu kubwa ya kutoitegemea peke yake ni kwamba mpangilio huo unabaki kwenye kompyuta yako, nayo programu itahama. Toleo la 3.15 limepangiwa kuifanya hali hii iwe ya kawaida, kwa uamuzi ulioandikwa katika PEP 686, mojawapo ya hati za mapendekezo ya Python, lakini kompyuta za ofisini hukaa na matoleo ya zamani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo andika open("wanachama.csv", encoding="utf-8", newline="") kila mahali, au, kama mkono unachoka, tengeneza kitendaji kimoja kidogo kinachofungua mafaili yote ya mradi na usimbaji uwe umetajwa humo mara moja tu. Hiyo ndiyo chaguo-msingi unayoitafuta, isipokuwa inasafiri pamoja na msimbo. Ili kupata mistari uliyoisahau, tumia toleo la 3.10 au jipya zaidi na uiendeshe programu kwa -X warn_default_encoding. Kila inapopita open isiyotajiwa usimbaji, Python itatoa onyo. Ukiwa unasoma CSV kwa maktaba ya pandas, read_csv hutumia UTF-8 bila kujali mfumo endeshi, na ndiyo maana baadhi ya watu husema hawajawahi kuliona tatizo hili.

Usimbaji wa kutaja si lazima uwe utf-8 tupu daima. Karani akibofya mara mbili faili la CSV lililoandikwa kwa UTF-8 bila alama ya mwanzo (BOM, baiti chache zinazoutambulisha usimbaji), Excel kwenye Windows huweza kulisoma kwa Windows-1252, na Chang’ombe ikaharibika tena mbele ya macho yake ingawa faili ni zima. Kwa mafaili yanayokwenda kwa watu wa Excel, andika kwa encoding="utf-8-sig", ambayo hutanguliza baiti EF BB BF ili Excel ilitambue faili. Kusoma nako kufanye kwa utf-8-sig, kwa kuwa hukubali faili lenye alama hiyo na lisilo nayo. Ukisoma kwa utf-8 ya kawaida, safu ya kwanza itaitwa "\ufeffjina" badala ya "jina", na utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Faili lisilojulikana asili yake lijaribu kwanza kwa UTF-8, na likikataliwa ndipo ujaribu cp1252. Usigeuze mpangilio huo: UTF-8 ina kanuni kali za jinsi baiti zinavyofuatana, hivyo maandishi ya Windows-1252 yenye herufi za nje ya ASCII hupita kwa nadra sana, ilhali cp1252 hukubali karibu kila kitu. Na tafadhali usilitibu kosa kwa errors="ignore". Baiti 92 ikipuuzwa, mwanachama wako anabaki akiishi “Changombe”, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.

Mwenzako wa Java aanze kwa kuangalia toleo analotumia. Tangu JDK 18 (yaani Java 18), iliyotoka Machi 2022, chaguo-msingi ni UTF-8 kwenye mifumo yote, na anayehitaji tabia ya zamani huanzisha programu kwa -Dfile.encoding=COMPAT. Katika matoleo yaliyotangulia hali ilikuwa ya kuchanganya, kwa sababu FileReader ilifuata mfumo endeshi ilhali Files.newBufferedReader isiyotajiwa usimbaji ilitumia UTF-8, kiasi kwamba programu moja iliweza kulisoma faili moja kwa namna mbili. Akiwa na Java 11 au 17, ampe FileReader na FileWriter usimbaji wa StandardCharsets.UTF_8 waziwazi. Awe mwangalifu hasa na kazi zinazoendeshwa na cron (kianzishi cha kazi za saa zilizopangwa) kwenye Linux, ambako kigeu LANG mara nyingi hakijawekwa: Java 17 hapo huangukia ASCII, na ritifaa ya kupinda huandikwa kama alama ya kuuliza. Alama hiyo hairudishiki, maana baiti za awali hazipo tena. Python ya 3.7 na kuendelea hujiokoa katika hali hiyo kwa kuhamia UTF-8.

Limebaki jambo moja ambalo UTF-8 haitakutatulia. Baada ya kusoma kila kitu sawasawa, orodha yako itakuwa na Chang’ombe mbili, moja yenye ritifaa ya kupinda na nyingine yenye iliyonyooka, na kompyuta itazihesabu kuwa mitaa miwili tofauti. Usanifishaji wa Unikodi, yaani kuzileta herufi zinazolingana kwenye umbo moja, hata ule wa aina ya NFKC, hauziunganishi. Mara tu baada ya kusoma, badilisha mwenyewe kwa jina.replace("\u2019", "'"), na fanya vivyo hivyo kwa neno ambalo mtumiaji analiandika kwenye kisanduku cha kutafutia.