Mshike Mkono, Lakini Kwanza Mwambie Wewe ni Nani

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Nasema "ni" kwa makusudi, maana hata leo ukimpa suruali ataupapasa mshono wa ndani halafu akuambie kama aliyeishona alikuwa na haraka ya kufunga duka. Macho yake yaliisha akiwa na miaka 58. Alipofika 66, masikio nayo yakaanza kuaga. Tunaishi naye hapa Majengo, Moshi, mwaka wa kumi sasa, na mengi ya haya ninayoandika, kuhusu kumhudumia mtu asiyeona wala kusikia, nimeyajua kwa kukosea.

Kosa la kwanza nililifanya Mbuyuni, Jumamosi, soko limefurika. Nilimshika mkono juu ya kiwiko nikawa namsukuma mbele yangu kama toroli. Upande huu machinga wamepanga viatu vya mtumba, upande ule mtaro hauna mfuniko, katikati bodaboda wanapita. Mguu wake mmoja ukaingia mtaroni mpaka gotini. Akautoa, akasimama, maji machafu yanamchuruzika, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, wewe ndiye unayeona. Mbona unanitanguliza mimi?"

Sina jibu la swali hilo mpaka leo. Ninachojua ni jinsi ya kufanya sasa. Usimshike, mpe mkono wako akushike yeye, juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Hapo mwili wako ndio unaomwambia habari. Ukishuka, anajua umeshuka. Ukigeuka, anajua. Kwenye ngazi simama kwanza, mwambie kama ni za kupanda au kushuka, ndipo muanze. Penye nafasi finyu peleka mkono wako nyuma ya mgongo, atajua aingie nyuma yako. Mkifika kwenye kiti usimbonyeze mabega akae, kama wafanyavyo makonda wetu. Weka mkono wake kwenye mgongo wa kiti, mengine atamaliza mwenyewe. Kwenye daladala muonyeshe kwa mkono vitu viwili: chuma cha kushikia na ukingo wa juu wa mlango. Huo ukingo umeshampiga paji la uso mara tatu, na mara zote tatu konda alikuwa anapiga kelele "twende, twende, mzee!"

Fimbo nyeupe aliikataa miaka minne. Kwake ilikuwa fimbo ya ombaomba, na Mchaga aliyesomesha watoto kwa cherehani hawezi kushika fimbo ya ombaomba, basi. Kilichombadilisha si hotuba yangu. Ni mzee mwenzake asiyeona, aliyekuja kumtembelea kutoka Pasua peke yake, kwa daladala, akaondoka peke yake. Mjomba alikaa kimya jioni nzima. Kesho yake akauliza hiyo fimbo inapimwaje. Inapimwa kuanzia chini hadi kwenye mfupa wa kifua, na si ya kuegemea kama mkongojo. Unaipeleka kushoto mguu wa kulia ukienda mbele, kisha kinyume chake, ili kila unapokanyaga pawe pameshaguswa. Na ombi langu kwa wapita njia ni moja: usiivute ile fimbo kumsaidia. Ni sawa na kumziba mtu macho ili umvushe barabara.

Turudi nyuma kwenye macho, maana hapa ndipo ninapoumia. Ilikuwa presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi kwa wengi, na huanza kula pembeni, katikati ukiendelea kuona vizuri. Mjomba alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano huku akigonga fremu za milango kwa bega. Tukasema ni uzee. Alipopelekwa idara ya macho ya hospitali ya KCMC, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeshakufa sehemu kubwa, na uliokufa haufufuki kwa dawa wala kwa upasuaji. Alipewa matone ya kila siku, akayatumia miezi michache akaacha, kwa sababu "hayaniongezei kitu". Hakuna aliyetulia kumweleza kwamba matone hayo si ya kuongeza, ni ya kulinda kilichobaki. Ukimpeleka mzee hospitali, hakikisha sentensi hiyo moja ameielewa kabla hamjatoka mlangoni. Na kama mzazi au ndugu yako wa damu analo tatizo hili, wewe nenda ukapimwe hata kama unasoma gazeti bila miwani. Mimi napimwa kila mwaka.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine, huyo anatolewa na mtu anaona. Nasikitika nikikutana na bibi kihambani amekaa gizani miaka mitano akidhani ni mapenzi ya Mungu, kumbe ni mtoto wa jicho.

Masikio yalipoanza tulihangaika kwanza na nta. Cheka, lakini anza hapo: sikio likisafishwa kwa mtaalamu, wapo wanaorudi kusikia. Yeye alirudi kidogo, kisha shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, ikasaidia mwaka na nusu, kisha hata hiyo ikawa inampa mvumo tu bila maneno. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila nilichojifunza kuhusu kumhudumia mtu asiyeona kilisimama juu ya kitu kimoja: sauti. Mwambie kuna ngazi. Mwambie nani ameingia. Mwambie chakula kiko upande gani wa sahani. Sauti ilipoondoka nilibaki mikono mitupu.

Hili watu wengi, hata wa huduma, hawalielewi. Kiziwi asiyeona si kiziwi ukijumlisha na asiyeona. Ukienda kwa watu wa wasioona, huduma zao nyingi ni za kusikia: simu inayosoma, redio, kitabu cha sauti. Ukienda kwa viziwi, huduma zao ni za kuona: lugha ya alama, maandishi, picha. Mjomba alikuwa anasimama katikati ya milango miwili, yote imefunguliwa, na hakuna hata mmoja unaomfaa. Ndiyo maana kundi hili lina chama chake, TASODEB, tofauti na Chama cha Wasioona (TLB) na Chama cha Viziwi (CHAVITA), ingawa wote hukutana chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Msidhani ni watu wawili watatu. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, kwenye ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote duniani, kutegemea unahesabu hali nzito tu au na nyepesi. Wengi ni wazee kama mjomba wangu, walioingia polepole. Wapo pia watoto waliozaliwa hivyo, wengine kwa sababu mama alipata ugonjwa wa rubela akiwa na mimba, na wapo vijana wanaozaliwa viziwi kisha wanaanza kushindwa kuona usiku. Kijana kiziwi anayejikwaa kila jioni asichekwe, apelekwe akapimwe macho.

Sasa mikono. Kila mtu nyumbani ana jina lake la mguso. Mimi nina bangili ya shaba. Nikifika namgusa bega, natulia, kisha naipeleka bangili yangu kwenye vidole vyake. Mdogo wangu anamgonga goti mara mbili. Kijana wa bodaboda tunayemwamini anampa kofia yake ngumu aipapase. Anza na bega au mgongo wa mkono, polepole, usimshtue usoni. Kuna kituo kimoja cha afya ambako muuguzi alimfungua kope na kumtia dawa bila kumgusa kwanza. Mjomba alirusha mkono, trei ikaanguka, wakaandika kwamba mgonjwa ni mkorofi. Mkorofi! Wewe ungefanyaje, uko gizani, kimya kabisa, halafu kidole cha mtu usiyemjua kikuingie jichoni?

Maneno tunaandika kiganjani. Kidole cha shahada, herufi kubwa, kila herufi juu ya nyingine palepale katikati ya kiganja, si kwa mstari kama daftarini. Neno likiisha unatulia. Ukikosea unapitisha kiganja chako juu ya chake, kama unafuta ubao. Kiswahili hapa kina baraka yake, kwani kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na mjomba aliyeishia darasa la saba hasumbuki na tahajia. Kina adhabu yake pia: "hatutakwenda" ni herufi kumi na mbili. Nikifika HATUT ananikamata kidole, ameshajua. Shikamoo tumeifupisha ikawa SHK, naye anajibu kwa kunipigapiga mkono mara moja. Wanaosema asili ya salamu hii ni kushika miguu wangefurahi kutuona.

Yeye anajibu kwa mdomo, na anajibu kwa sauti kubwa mno kwa sababu hajisikii. Wageni hudhani amekasirika. Tunamgusa koo kidogo, anashusha.

Kosa ninaloendelea kulifanya ni kuondoka bila kuaga. Simu inaita, natoka nje, nikirudi namkuta anaendelea kunisimulia habari za Kibosho, kiti changu kitupu. Siku moja aliongea na ukuta dakika nzima kisha akanyoosha mkono kunitafuta. Andika tu NAKUJA, halafu uende. Kazi ya sekunde tatu.

Kwa hatari tuna alama moja, X kubwa mgongoni kwa kidole. Viziwi wasioona wa Marekani huitumia hivyo: maana yake ni dharura, nifuate sasa hivi, maelezo baadaye. Tumeitumia mara moja, gesi ilipovuja jikoni, akanyanyuka bila swali. Ifundishe nyumba nzima, na majirani.

Fedha. Noti ya elfu kumi haikunjwi, elfu tano inakunjwa mara moja, elfu mbili mara mbili, elfu moja inakaa mfuko wa kushoto. Anayepokea chenji ndiye anayekunja, yaani yeye, siyo mimi. Kabla masikio hayajaisha alikuwa anatumia simu yenye kisoma skrini (kipo ndani ya simu za Android, kinaitwa TalkBack, hununui kitu), lakini menyu ya kutuma pesa ilikuwa inakatika kabla haijamaliza kusomwa, naye akawa anamtajia wakala namba yake ya siri mbele ya foleni. Mwanzoni hatukujua. Uliza mapema, mzee wako anaifanyaje hiyo kazi dirishani kwa wakala.

Na benki, jamani. Tuko wawili mbele ya kaunta, kitambulisho ni chake, hesabu ni yake, dada wa kaunta ananiuliza mimi: "Anataka shilingi ngapi?" Nilijifunza kutojibu. Naandika swali kiganjani, tunasubiri, foleni inaguna, mjomba anasema kiasi chake mwenyewe, benki nzima inasikia. Hilo la benki nzima kusikia bado sijalipatia dawa. Siku hizi anaandika kwa kalamu kwenye karatasi, mistari inapandana lakini inasomeka.

Kuhusu ofisi za umma, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, mwende mkasajiliwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, si ya jana, kwa hiyo usiende kama mwombaji. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Nne za wanawake na nne za vijana kila mtu anazijua, hizo mbili nilizisikia kwa kuchelewa. Kwa mtoto, hapa Moshi ipo Shule ya Msingi Mwereni inayopokea wasioona, na walimu wa elimu maalumu wanafundishwa chuo cha Patandi, karibu na Tengeru. Usimfiche mtoto ndani.

Juni kuna wiki ya kuwakumbuka viziwi wasioona, imewekwa karibu na tarehe 27, siku aliyozaliwa Helen Keller mwaka 1880. Watu humsimulia kama muujiza na kumsahau mwalimu wake, Anne Sullivan, aliyemwandikia maji mkononi huku maji yenyewe yanamwagika kwenye mkono mwingine. Tarehe 15 Oktoba ni ya fimbo nyeupe. Madereva wa bodaboda wa kijiwe chetu niliwaambia jambo moja tu siku hiyo: fimbo nyeupe ikiwa na mistari myekundu, nchi nyingi inamaanisha mwenye nayo hasikii pia, kwa hiyo honi yako haimfikii. Simama. Mmoja akasema, "Kumbe mzee alikuwa hatudharau?"

Jambo lililomrudisha mjomba mezani kwa wanaume wenzake halikutoka ofisi yoyote. Mdogo wangu alilibuni siku ya watani wa jadi. Kiganja cha mjomba ni uwanja: goli la Yanga liko kwenye kifundo cha mkono, la Simba kwenye ncha za vidole, na kidole cha dogo ni mpira. Pasi anaiburuta. Faulo anafinya. Kona anabonyeza pembeni. Goli anaushika mkono wote na kuutikisa. Mara ya kwanza mjomba alishika kiti kwa mkono mwingine dakika tisini, na mapumziko akadai kujua ni nani aliyepewa kadi ya njano, maana alifinywa lakini hakuandikiwa jina. Sasa dogo anaandika namba ya jezi kwanza.